Kukadiria jua la sola: joto la kituo, masaa ya jua, setelaiti au kipimo chako mwenyewe?

Kabla ya kununua paneli kila mtu anauliza bei, wachache sana wanauliza jua. Fundi anakwambia weka masaa 5 tu huku kwetu jua lipo mwaka mzima, ukiingia kwenye kikokotoo cha mtandaoni kinakupa 5.6, ukienda kituo cha hali ya hewa cha karibu unakuta daftari la joto na mvua basi, na bado atatokea mtu akwambie bila kifaa cha kupimia mionzi yenyewe unabahatisha. Wote wana hoja, ila kila mmoja anaongea na mtu tofauti. Mwenye duka la vinywaji Mombo hahitaji kitu kilekile anachohitaji mtu anayeomba mkopo benki ajenge mtambo wa kijiji kizima.

Msimamo wangu niuseme mapema ili usisome mpaka chini ukitafuta. Kama una rekodi ya masaa ya jua, itumie kabla hujagusa ya joto. Na kwa kuwa kila mwenye bando ana setelaiti bure, kazi kubwa ya data za kituo siku hizi ni kuikagua setelaiti, siyo kushindana nayo. Sababu zinakuja.

Ila kwanza vipimo, maana hapa ndipo watu wanapoangukia pua. Mionzi inayofika chini unaikuta imeandikwa kwa megajuli kwa mita ya mraba, au kwa kilowati-saa, yaani uniti zilezile za LUKU. Uniti 1 ni megajuli 3.6. Kwa hiyo ukiona 20 kwenye jedwali la watu wa kilimo usishangilie, hiyo ni uniti 5.6 kwa siku. Halafu kuna mtego mbaya zaidi: "masaa ya jua" ya kituo siyo "masaa ya jua kamili" ya mafundi sola. Kituo kinahesabu muda ambao jua lilikuwa linaonekana, hata lile dhaifu la saa moja na nusu asubuhi, ilhali masaa ya jua kamili ni jumla ya nguvu ya siku nzima iliyogeuzwa iwe kana kwamba jua lilipiga wati 1,000 kwa mita ya mraba muda wote huo. Siku moja ya Dodoma inaweza kuwa na masaa 9 ya kwanza na masaa 5 na nusu tu ya pili. Mtu akichukua ile 9 akaizidisha na wati za paneli zake, mfumo wake umeshakufa kabla haujafungwa, na lawama zote atabeba betri.

Njia ya joto: rahisi, ila ijue inapodanganya

Hii ndiyo ya watu wenye data chache. Unahitaji joto la juu kabisa na la chini kabisa la siku, vitu ambavyo karibu kila kituo kinavyo, hata kile cha shule. Watafiti Hargreaves na Samani waliitoa mwaka 1982, na FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, wakaiweka kwenye mwongozo wao namba 56 wa mwaka 1998, ule wa mahitaji ya maji ya mazao. Ndiyo, ni fomula ya watu wa umwagiliaji, sisi wa sola tumeazima tu.

Wazo lake ni hili: anga likiwa wazi mchana ardhi inapata moto sana, na usiku ule moto unatoroka kwenda juu, kwa hiyo tofauti ya mchana na usiku inakuwa kubwa. Mawingu yakiwepo yanafanya kama blanketi, mchana hakuchomi na usiku hakupoi, tofauti inapungua. Basi unachukua tofauti ya joto, unatafuta kipeuo chake cha pili, unazidisha na kizidishi, halafu unazidisha na mionzi ya juu ya anga, ile ambayo ingetufikia kama kusingekuwa na hewa wala wingu. Hiyo ya juu ya anga haipimwi kituoni, inatoka kwenye hesabu ya latitudo na tarehe tu, ukishaiweka kwenye Excel mara moja umemaliza.

Kizidishi ndicho chenye kesi. FAO wanasema 0.16 kwa maeneo ya bara na 0.19 kwa pwani, kwa sababu bahari haikubali usiku upoe: jua linaweza kuwa linaunguza kweli lakini tofauti ya joto ikabaki ndogo. Chukua Dar mwezi wa tatu, tuseme mchana nyuzi 32 na usiku 24. Tofauti ni 8, kipeuo chake 2.83. Mionzi ya juu ya anga kwa Dar katikati ya Machi ni kama megajuli 37.9. Ukitumia 0.19 unapata megajuli 20.4, sawa na uniti 5.7. Ukisahau kwamba uko pwani ukatumia 0.16 unapata 17.1, yaani uniti 4.8. Data ileile, siku ileile, na karibu uniti nzima imepotea kwa sababu ya namba moja.

Sasa swali: Kibaha ni pwani au bara? Chalinze je? Hapo fomula inakaa kimya na wewe unachagua kwa kukadiria umbali na upepo wa baharini unaofika. Pembeni ya Ziwa Victoria ni shida ileile, maji makubwa yale yanabana joto la Mwanza na Bukoba kama bahari inavyobana la Tanga. Na visiwa vyembamba, vya upana wa kilomita 20 kushuka chini, kama Lamu, FAO wenyewe wanasema usitumie joto kabisa. Wanakupa kitu cha mkato: chukua asilimia 70 ya mionzi ya juu ya anga, toa megajuli 4, basi, na iwe kwa wastani wa mwezi tu na sehemu isiyozidi mita 100 juu ya bahari. Ni makadirio ya jicho lakini kwa kisiwa ni afadhali kuliko kipimajoto.

Jambo lingine, njia ya joto usiipe kazi ya siku mojamoja. Upepo wa kusi ukibadilika, au mvua ikinyesha jioni, joto linashuka bila jua la mchana kuwa limepungua, na fomula inakuletea siku ya ajabu. Kwa wastani wa mwezi hayo makosa yanafutana kiasi, kwa siku hayafutani. Ipo pia ya Bristow na Campbell ya mwaka 1984 ambayo inatumia tofauti ileile ya joto lakini ina vizidishi vitatu badala ya kimoja. Kama huna mionzi iliyopimwa ya kuvipatia thamani vya kwenu, hivyo vitatu ni mzigo tu, baki na Hargreaves.

Masaa ya jua: ya zamani lakini ina heshima yake

Kama umewahi kuingia kwenye uwanja wa kituo cha hali ya hewa ukaona mpira wa kioo kama wa mtabiri wa kwenye sinema umekaa juu ya bakuli la chuma, hiyo ndiyo Campbell-Stokes. Hauna waya, hauna betri. Mpira unakusanya jua unachoma mstari kwenye kadi ngumu iliyowekwa nyuma yake, wingu likipita mstari unakatika, jioni mhudumu anatoa kadi anapima urefu wa sehemu zilizoungua anaandika: leo masaa 7.4. Campbell alianza na wazo lake mwaka 1853 na Stokes akaliboresha mwaka 1879, na mpaka leo kifaa kinafanya kazi palepale kilipo bila kudai kifurushi cha intaneti.

Kutoka masaa hayo kwenda kwenye mionzi unatumia uhusiano wa Ångström, Msweden, wa mwaka 1924, ambao Prescott aliurekebisha mwaka 1940. Unagawanya masaa ya jua yaliyopimwa kwa masaa yote ya mchana wa siku hiyo, unazidisha na namba inayoitwa b, unajumlisha nyingine inayoitwa a (zote mbili zinategemea eneo), halafu unazidisha na mionzi ya juu ya anga. Kama hujui a na b za eneo lako FAO wanakupa 0.25 na 0.50. Uzuri wa hizi namba mbili ni kwamba zina maana unayoweza kuishika: siku ya mawingu matupu, jua halijaonekana hata dakika, bado robo ya mionzi inafika chini (ndiyo maana paneli haifi kabisa siku ya wingu), na siku ya anga safi inafika robo tatu, kwa sababu 0.25 na 0.50 ni 0.75. Mtu akikuletea a na b zinazojumlisha 0.95 mwambie arudi akaangalie data zake.

Dodoma Julai: mionzi ya juu ya anga megajuli 31.4, mchana masaa 11.7. Tuseme kituo kimeandika wastani wa masaa 9 ya jua. Tisa kwa 11.7 ni 0.77, nusu yake 0.385, ongeza 0.25 unapata 0.635, zidisha na 31.4 ni megajuli 19.9, sawa na uniti 5.5. Ukifanya kwa joto, mchana 27 usiku 14, unapata uniti 5.0. Nimeziweka pamoja na za Dar na Nairobi hapa chini. Ni namba za mfano nilizochagua zifanane na miezi hiyo, usizinakili kwenye mradi wako.

| Mahali na mwezi | Joto juu/chini | Masaa ya jua | Uniti kwa njia ya joto | Uniti kwa masaa ya jua |
|---|---|---|---|---|
| Dodoma, Julai | 27 / 14 | 9 | 5.0 | 5.5 |
| Dar, Machi | 32 / 24 | 7.5 | 5.7 | 5.9 |
| Nairobi, Julai | 22 / 12 | 4.5 | 4.7 | 4.1 |

Angalia huo mstari wa mwisho. Nairobi ya Julai kila mtu anaijua, wingu zito limekaa kuanzia asubuhi, watu wamevaa masweta, jua linachungulia mchana kidogo. Lakini tofauti ya joto bado ni nyuzi 10 kwa sababu mji uko juu na usiku una baridi yake, kwa hiyo njia ya joto inaona "tofauti kubwa" inadhani anga lilikuwa wazi. Inakupa uniti 4.7 wakati masaa ya jua yanasema 4.1. Dodoma kosa limeenda upande wa pili. Hili ndilo linalonifanya nisiipende sana njia ya joto: haina tabia ya kukosea upande mmoja ungejua uongeze au upunguze, inategemea uko wapi na msimu gani. Na Julai ndio mwezi ambao mtu wa Limuru au Kikuyu anataka kujua ukweli, maana ndio mwezi wake mbaya, huko ndiko mfumo unakopimwa.

Masaa ya jua nayo si malaika. Kadi haiungui mpaka jua liwe na nguvu ya kama wati 120 kwa mita ya mraba, asubuhi umande ukikaa kwenye kioo unachelewesha, na siku ya mawingu ya vipandevipande, zile za jua-linaingia-linatoka, kadi inaungua kwa upana kuliko muda halisi, inaongeza. Mhudumu naye ni binadamu. Ukiona kituo kina mwezi mzima wa 8.0, 8.0, 7.5, 8.0 ujue kadi hazikusomwa, ziliandikwa.

Na a na b za FAO ni za kuanzia tu. Kama kuna mahali jirani palipopimwa mionzi na masaa ya jua kwa wakati mmoja, hata mwaka mmoja, chora kwenye Excel sehemu ya mionzi iliyofika dhidi ya sehemu ya mchana yenye jua, mstari ukipita katikati ya nukta mwinuko wake ndio b na pale unapokata wima ndio a. Kazi ya nusu saa, na inakutoa kwenye kubahatisha.

Vitu viwili vya kupitia haraka. Baadhi ya vituo vina mawingu tu, yaliyokadiriwa kwa jicho kwa sehemu nane za anga. Kuna fomula zake, lakini wingu jembamba la juu na wingu jeusi la mvua yote yanahesabiwa sehemu zilezile, kwa hiyo kama una kingine chochote tumia hicho kingine. Na kwenye makabrasha ya zamani ya Afrika Mashariki utakutana na Gunn-Bellani, bomba la kioo lenye kimiminika kinachovukizwa na jua, rekodi yake iko kwa mililita. Mililita hazigeuki megajuli bila kizidishi cha kifaa kilekile, ukikosa hicho kizidishi rekodi inabaki ya kukwambia mwezi gani ulizidi mwezi gani. Usiitupe, ila usiidai uniti.

Setelaiti: bure, ndefu, na haijui mlima wako

Tatu ndizo watu wanatumia. NASA POWER ina data za kila siku za mionzi tangu miaka ya 1980, unabonyeza ramani unapakua. PVGIS ya Kituo cha Utafiti cha Tume ya Ulaya inatumia picha za setelaiti za Meteosat, Afrika yote imo, ina data za saa kwa saa kuanzia 2005, na inakupigia hesabu ya paneli mpaka mwisho. Global Solar Atlas ya Benki ya Dunia ni ya kuangalia haraka, ramani nzuri, wastani wa miaka mingi.

Tofauti kubwa kati yao kwa mtu wa kawaida ni ukubwa wa kipande cha ardhi kinachopewa namba moja. Mionzi ya NASA POWER iko kwa mraba wa digrii moja, yaani kama kilomita 110 kila upande. PVGIS ni kama kilomita 5. Sasa chukua Mombo na Lushoto. Mombo iko chini tambarare, joto, vumbi, barabara kuu ya Arusha inapita. Unapanda kona zile mpaka Lushoto, kama mita 1,400 juu ya bahari, ukungu asubuhi na masweta. Kwa NASA POWER hizo ni sehemu moja, mraba mmoja, namba moja. Mtu wa Lushoto akipanga sola kwa namba hiyo atakuwa anatumia jua la watu wa Mombo kwa kiasi fulani. Ukiwa Singida au Shinyanga, nchi iliyolala tambarare, huo mraba mkubwa haukudhuru sana. Kwenye Usambara, Uluguru, pembeni ya Kilimanjaro au Meru, hapana, nenda PVGIS, na hata hiyo iangalie kwa jicho la pembeni kwa sababu kilomita 5 kwenye mteremko ni nyingi.

Mitego ya setelaiti ni ya kijinga lakini inaua. NASA POWER inaandika -999 pale data inapokosekana, na Excel haijui, inaichukua kama jua hasi, wastani wako wa mwezi unakuja namba ya kuchekesha, na ikiwa ni siku moja tu kwenye mwaka mzima haichekeshi hata, inapunguza kimyakimya. Pia ukichagua kundi la kilimo inakupa megajuli, ukichagua la nishati inakupa uniti, faili zinafanana kwa macho. PVGIS yenyewe inahesabu kwamba kusini ni sifuri kwa sababu imetengenezwa na watu wa kaskazini ambako paneli zinaangalia kusini. Sisi tulio chini ya ikweta paneli zinaangalia kaskazini, kwa hiyo unaandika 180 au unaiachia ijichagulie yenyewe. Mwinuko wa paneli ukiwa mdogo kosa halionekani sana, ila mtu wa Mbeya akiweka nyuzi 25 akaelekeza kusini anajiibia mwenyewe, hasa Juni na Julai jua likiwa limehamia kaskazini.

Halafu kuna moshi na vumbi. Msimu wa kuchoma mashamba hewa inajaa, setelaiti inakadiria huo moshi kwa modeli, na kwa siku fulani inapatia na siku fulani inapitwa. Hapo ndipo kituo cha chini kinapokuwa na neno.

Kupima mwenyewe

Piranomita ni kifaa cha kupima mionzi yote inayoshuka kwenye eneo tambarare. Zile nzuri zinatumia tofauti ya joto chini ya kuba la kioo, zina madaraja A, B na C kwa kiwango cha ISO 9060, na bei yake inaweza kununua mfumo mzima wa sola wa nyumbani. Za silikoni ni nafuu zaidi, zinakubalika kwa kazi nyingi za shamba. Ipo pia njia ya katikati: mradi wa TAHMO umefunga vituo vidogo vya kujiendesha, vingi mashuleni, kwenye nchi kama Kenya na Uganda, na vinapima mionzi moja kwa moja. Kama uko karibu na kimojawapo, omba data kabla hujaota kununua chako. Kwa Tanzania maombi yanakwenda TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, andika barua, eleza kazi, uliza na ada yake.

Shida ya piranomita ni binadamu kuisahau. Kuba likipata vumbi la kiangazi bila kufutwa namba inashuka polepole na hakuna anayegundua, ikiinama kidogo asubuhi inazidi na jioni inapungua, kunguru akikaa juu yake ni habari nyingine. Kipimo kizuri cha kuikagua hakigharimu kitu: kwa siku ya anga safi kabisa FAO wana fomula, 0.75 jumlisha 0.00002 mara mita za mwinuko kutoka bahari, zidisha na mionzi ya juu ya anga. Dodoma yenye mita kama 1,100 inakuja 0.77, mara 31.4 ya Julai ni megajuli 24, uniti 6.7. Chora mwaka mzima wa data zako, weka mstari huo juu yake. Siku safi zinatakiwa ziguse mstari. Zikiwa zote ziko chini kwa kiasi kilekile, nenda kafute kioo au peleka kifaa kikasahihishwe. Zikiwa juu mara kwa mara, kizidishi kimeingizwa vibaya. Ukaguzi huohuo unafaa hata kwa data za kituo ulizopewa na mtu, na ningeufanya kabla ya hesabu nyingine yoyote.

Kwa hiyo nani achukue nini

Nyumba, duka, saluni, frem ya kuchaji simu: PVGIS, mwezi mbaya kuliko yote, usiangalie wastani wa mwaka. Kwa Dar na Tanga mwezi mbaya unautafuta kwenye masika, Aprili na Mei, kwa Nairobi ni Julai. Wala usihangaike na fomula za kituo. Hebu tazama: mtu anayehitaji uniti 4 kwa siku, mfumo wake ukipoteza robo kwa joto, waya, inveta na betri, kwa jua la 5.7 anahitaji paneli za wati 940 hivi na kwa jua la 4.8 wati 1,110. Tofauti ni paneli moja ndogo. Hiyo hela ukiwa nayo weka paneli, umelala. Ubishi wa uniti 0.9 kwenye mfumo wa nyumbani ni wa vijiweni.

Shule, zahanati, au kijiji ambako kuna kituo cha hali ya hewa jirani chenye masaa ya jua: hapa ndipo kazi ya kituo inalipa. Chukua miaka ambayo kituo na setelaiti vyote vina data, piga Ångström-Prescott kwa kila mwezi, gawanya na setelaiti ya mwezi huohuo. Ukiona Januari mpaka Desemba uwiano unacheza kwenye 0.92 mpaka 0.96, setelaiti inazidisha kidogo kwa eneo lenu, shusha miaka yake yote kwa kiasi hicho na umepata rekodi ndefu iliyosahihishwa. Ukiona miezi ya mawingu uwiano ni 0.8 na ya kiangazi ni 1.0, usitumie namba moja kwa mwaka mzima, sahihisha mwezi kwa mwezi. Uwiano ukirukaruka bila mpangilio, 0.7 mwezi huu 1.2 unaofuata, tatizo haliko angani, liko kwenye daftari, na hapo baki na setelaiti.

Kituo kikiwa na joto tu, fanya uleule mlinganisho lakini geuza: tumia setelaiti kutafuta kizidishi chako mwenyewe badala ya 0.16 au 0.19. Kibaha ikitoa 0.175, basi ni 0.175, ugomvi wa pwani au bara umeisha. Faida yake inakuja pale unapokuwa na rekodi ya joto ya miaka ya nyuma kabla ya setelaiti, au unapotaka kujaza mapengo.

Mtambo mkubwa wa mkopo hauna ujanja. Benki itataka miaka mingi ya setelaiti na angalau mwaka wa piranomita ya daraja zuri pale pale kiwanjani, na wako sahihi, kwa sababu asilimia 5 ya nyumba ni balbu lakini asilimia 5 ya megawati ni mshahara wa watu.

Nimemuacha makusudi mtu wa pampu ya maji, maana yeye namba ya siku haimtoshi. Pampu inayoendeshwa na paneli moja kwa moja bila betri haianzi mpaka jua lifike kiwango fulani, na siku ya uniti 4 zilizotawanyika kwenye wingu jembamba toka asubuhi mpaka jioni inaweza kutoa maji machache kuliko siku ya uniti 4 zilizokuja kwa masaa manne makali ya mchana. Joto la kituo haliwezi kukwambia hilo, na jumla ya masaa ya jua inakudokezea tu. Mtu huyo achukue data za saa kwa saa za PVGIS, ahesabu ni masaa mangapi kwa siku mionzi imepita kiwango ambacho muuza pampu ameandika kwenye karatasi yake, halafu tanki alipime kwa siku mbovu mfululizo za mwezi mbaya. Kama muuza pampu hana hiyo karatasi, atafute muuza mwingine.